Maua ya ndani kwa fleti za Nairobi: jinsi ya kuchagua kulingana na mwangaza wa dirisha lako

Swali huja karibu kila Jumapili jioni, tena huja na picha. Ua lilinunuliwa kando ya Barabara ya Ngong likiwa limechanua vizuri hata mtu akasimamisha gari. Limekaa sebuleni wiki sita, na sasa limebaki majani matupu, au vijiti. "Namwagilia kila siku, shida iko wapi?" Nikiuliza ua limekaa mbali kiasi gani na dirisha, na dirisha lenyewe linatazama wapi, kimya kidogo, halafu: "Lakini nyumba yangu ina mwangaza wa kutosha."

Hapo ndipo macho yanapotudanganya. Chumba kikiwa na giza, mboni ya jicho hujipanua hadi tukahisi mambo ni sawa tu. Kizingiti cha dirisha kinachopigwa na jua kinaweza kupata makumi ya maelfu ya laksi (kipimo cha mwanga), na hatua tatu kutoka hapo, kando ya tivii, pasifike hata laksi 500. Wewe unaona sebule ileile moja. Mmea pale kwenye tivii unalala njaa.

Nimeuza miche kwa majirani na marafiki muda wa kutosha kujua kwamba wengi hununua ua kwanza, kisha wakaanza kulitafutia mahali. Geuza mpango huo. Nitakupa hatua ninazowapa wao.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Simu yenye dira, na ukipenda programu ya kupima mwanga. Za bure zipo tele.
- Karatasi moja nyeupe.
- Siku moja ya kushinda nyumbani, isiyo ya mvua.
- Chungu chenye matundu chini, na sahani ya kukiwekea. Kile cha kauri kisicho na tundu kitumie kama ganda la nje tu.
- Udongo mwepesi: udongo wa msitu au mboji iliyooza vizuri, uchanganywe na kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) na pamisi kidogo (vijiwe vyepesi vya volkano) au mchanga wa mto. Ule mwekundu wa nyuma ya ploti hushikana chunguni kama tofali, na ule mweusi wa kule Embakasi na South B ni mbaya zaidi.
- Pazia jepesi, kama dirisha lako hupigwa na jua la jioni.

Pesa za ua ziache mfukoni kwanza.

Hatua ya 1: Jua dirisha linatazama wapi

Simama ukiwa umelipa kisogo chumba, uso nje, ufungue dira. Usisimame karibu sana na grili, kwa sababu chuma huipoteza dira. Kama huiamini simu, angalia nje: ukiiona Milima ya Ngong kutoka mtaa wa katikati ya jiji, unatazama kusini-magharibi. Au uliza tu jua la asubuhi huingia chumba gani. Aliyelala chumba hicho anajua.

Andika dirisha moja moja. Jikoni na bafuni pia.

Hatua ya 2: Weka kando kanuni ya Ulaya

Maelezo mengi utakayoyasoma yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Wanasema dirisha la kusini ndilo lenye jua na la kaskazini ni la kivuli, na kwao ni kweli. Nairobi iko kusini mwa ikweta kwa digrii moja na kidogo tu, kwa hiyo jua letu huhama. Tangu katikati ya Machi hadi karibu na mwisho wa Septemba, jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki hupita kusini.

Tena saa sita mchana huwa juu sana, karibu na utosi. Hata Juni, linapoegemea kaskazini zaidi, dirisha lenye urefu wa mita moja na kidogo huingiza miale ya mchana kama nusu mita tu, ukipima usawa wa kizingiti. Balkoni ya jirani wa juu ikining'inia mbele ya dirisha, hata hiyo nusu mita huioni.

Kwa hiyo hapa kwetu mashariki na magharibi ndiyo yenye uzito. Dirisha la mashariki hupata jua la chini, la upole, tangu saa moja hadi saa nne hivi, mwaka mzima. La magharibi hupata jua la kuanzia saa tisa, wakati kuta na kioo vimeshapata moto. Januari na Februari jua hilo halina huruma. Niliwahi kuweka ua liitwalo anthuria kwenye dirisha la magharibi mwezi wa Februari, nikaenda ushago siku nne. Niliporudi, majani ya upande wa kioo yalikuwa na mabaka meupe, makavu, ukigusa yanalia kama karatasi ya kufungia mandazi. Upande wa chumbani ulikuwa mzima kabisa, unang'aa. Mmea mmoja, chungu kimoja, tofauti ya sentimita ishirini.

Kumbuka pia Juni hadi Agosti. Wingu la kijivu hutanda siku nzima, wakati mwingine wiki nzima, na mwangaza hupungua kila mahali. Ukipima Januari utajipa matumaini makubwa mno. Pima mara mbili kwa mwaka ikiwezekana, na kama ni mara moja tu, amini kipimo cha Julai.

Hatua ya 3: Angalia kinachoziba

Chuchumaa pale ua litakapokaa, kichwa chako kikiwa usawa wa chungu, utazame nje. Unaiona mbingu? Kiasi gani? Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko dira. Zipo fleti Pipeline na sehemu za Zimmerman ambazo ukinyoosha mkono dirishani unakaribia kusalimiana na jirani. Dirisha kama hilo hata litazame mashariki, jina ni la bure. Lakini ukuta wa mbele ukiwa umepakwa rangi nyeupe, hurudisha mwanga mwingi kuliko unavyodhani, kwa hiyo usikate tamaa kabla ya kupima.

Futa kioo. Vumbi la barabara inayotengenezwa hula mwanga kimyakimya. Na kama ploti ya jirani ni tupu na imeshazungushiwa mabati, usinunue ua la bei kubwa kwa ajili ya dirisha la upande huo, maana jengo huenda linakuja.

Hatua ya 4: Pima kwa kivuli cha mkono

Weka karatasi nyeupe pale ua litakapokaa. Shika mkono juu yake, kama sentimita thelathini. Fanya hivyo saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi jioni, uandike.

- Kivuli kikali, vidole vyote vinaonekana na kingo zake: hilo ni jua la moja kwa moja. Hesabu linakaa saa ngapi.
- Kivuli laini, vidole unavitambua ila kingo zimefifia: mwangaza mzuri bila jua. Maua mengi ya ndani yanataka hapa.
- Doa tu lisilo na vidole: mwangaza hafifu.
- Hakuna kitu: hapo weka picha ya harusi.

Ukitumia simu, chini ya laksi 1,000 usitegemee maua. Kati ya 2,000 na 5,000 pislili (peace lily, ile ya maua meupe) itajitahidi. Karibu na 10,000 vayoleti na okidi zinafurahi. Ukipata zaidi ya 20,000 kwa saa kadhaa, ingia kwenye mimea ya jua. Vipimo vya simu hutofautiana, kwa hiyo vitumie zaidi kulinganisha sehemu mbili za nyumba yako mwenyewe. Mara nyingi utagundua kwamba kusogeza meza mita moja kunaongeza mwangaza mara tatu.

Hatua ya 5: Sasa chagua ua

*Dirisha la mashariki.* Ukiwa nalo, una bahati. La kwanza ningekupa ni vayoleti ya Usambara. Ua hili dunia nzima inalijua kama ua la dirishani, ilhali kwao ni hapa hapa: hukua lenyewe kwenye miamba yenye kivuli katika misitu ya Usambara nchini Tanzania, na aina nyingine iko kwetu Taita. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga, alilipeleka Ulaya mwaka 1892, na ndiyo maana wataalamu waliliita Saintpaulia. Linataka mwangaza mwingi lakini si jua la mchana, na likiridhika linachanua karibu mwaka mzima. Ni dogo, linatosha kwenye kizingiti chembamba cha fleti. Jani moja ukilichomeka kwenye udongo mwepesi linakupa mche mwingine.

Okidi ile ya maua mapana kama kipepeo inafaa hapo pia. Watu huiogopa bure. Inachohitaji ili itoe tawi la maua ni wiki kadhaa za ubaridi kiasi, na baridi yetu ya Juni hadi Agosti huifanya kazi hiyo bila wewe kufanya lolote. Maua yakidondoka usiitupe. Iache dirishani, na baada ya msimu wa baridi chunguza katikati ya majani kama kuna kidole cha kijani kinachochomoza. Anthuria na begonia nazo ni za dirisha hili.

*Dirisha la magharibi na balkoni yenye jua.* Hapa weka zinazostahimili: kalanchoe, jeraniamu, na ile euphorbia ya miiba kutoka Madagaska, ambayo huchanua hata ukiisahau. Ukitaka kuweka anthuria hapo, lazima pazia jepesi liwepo, na chungu kiwe nyuma yake.

Kalanchoe ina siri yake. Unainunua ikiwa imechanua, kisha haichanui tena, na watu hudhani imezeeka. Kumbe inahesabu usiku. Ili itoe vitumba inataka giza refu mfululizo, na kwenye sebule yako taa zinawaka hadi saa sita usiku. Ifunike kwa boksi tangu saa kumi na moja jioni hadi saa mbili asubuhi, kila siku, kwa wiki sita hivi. Mchana iache juani. Nimefanya hivyo kwa boksi la unga na ikakubali.

*Dirisha la kaskazini au kusini.* Kama halijazibwa, lichukue kama la mwangaza wa wastani na uweke anthuria, begonia au okidi. Upande ambao jua halipo msimu huo, chungu kisogee karibu kabisa na kioo. Mimi huhamisha vyungu vyangu Machi na Septemba.

*Dirisha la kivuli linaloona mbingu kidogo.* Pislili. Itakuwa na majani mazuri na maua meupe machache. Ukitaka mengi, isogeze karibu na kioo. Kwa balkoni ya kivuli jaribu impatiens, mmea wa Afrika Mashariki hii hii, wa bei ndogo, unaochanua pale mengine yanaponuna.

*Dirisha la kisima cha hewa, yaani linalofungukia ule uwazi mwembamba katikati ya jengo.* Nitasema kweli: hakuna ua litakalochanua hapo kwa nguvu zake. Una njia mbili. Ya kwanza ni taa ya LED nyeupe, ile inayoandikwa mwanga wa mchana, ining'inizwe kama sentimita thelathini juu ya vayoleti kwa saa 12 kila siku. Taa ya wati 10 itakula kama uniti 3.6 za tokeni kwa mwezi. Ya pili ni majani tu, kama sansevieria yenye majani ya upanga, na bunda la mawaridi kutoka City Market pale Muindi Mbingu ukitaka rangi. Mimi dirisha langu la jikoni nimelikatia tamaa hivyo, na sina majuto.

Onyo kuhusu mawili yanayopendwa. Waridi la chunguni si ua la sebuleni. Linataka kupigwa na jua kwa muda wa saa tano au sita kila siku, kwa hiyo kama huna balkoni ya jua liache. Na asmini, ndugu zangu wa Pwani, najua mnaitaka kwa harufu yake. Inataka jua na joto, na Julai ya Nairobi itaifanya isinyae. Iweke dirisha la magharibi lenye joto, na usitarajie ile ya Mombasa.

Jingine: pislili na anthuria huwasha mdomo na koo mtoto akizitafuna, na kalanchoe ni sumu kwa paka na mbwa. Maziwa ya ile euphorbia huwasha ngozi na macho. Na lili zile za bunda, za kuweka kwenye vasi, ni hatari sana kwa paka, zinaua figo. Nyumba yenye mtoto anayetambaa au paka, chagua vayoleti na okidi.

Hatua ya 6: Kitaluni

Muulize muuzaji mmea ulikuwa wapi, chini ya neti ya kivuli au juani. Niliambiwa wakati mmoja "hii inakaa popote," nikabeba minne, na baada ya mwezi nikabaki na mmoja. Hakuna inayokaa popote.

Chagua wenye vitumba vingi vilivyofunga, si ule uliochanua wote, kwa sababu huo unamaliza karamu njiani kwenda kwako. Geuza majani uangalie chini yake kama kuna vidudu vyeupe kama pamba. Inua chungu: mizizi mingi ikitoka chini, mmea umebanwa. Okidi ya buluu iliyokolea imetiwa rangi kwa sindano. Maua yajayo yatakuwa meupe.

Hatua ya 7: Siku za kwanza nyumbani

Mmea mpya uweke peke yake wiki mbili, mbali na mimea mingine. Usibadilishe chungu ukiwa umechanua. Uliotoka chini ya neti na unaelekea dirisha la jua, uzoeshe: saa moja ya jua, kesho kutwa saa mbili, polepole hivyo. Zungusha chungu robo duara kila wiki ili mmea usiinamie upande mmoja, isipokuwa okidi yenye vitumba. Hiyo iache ilivyo.

Hatua ya 8: Maji

Ingiza kidole hadi kiungo cha kwanza. Udongo ukiwa mbichi, ondoka. Mmea ulio kwenye mwangaza mdogo hunywa kidogo, na Julai hunywa kidogo zaidi. Vayoleti inyweshe kwa kumimina maji kwenye sahani, umwage yaliyobaki baada ya nusu saa. Maji baridi yakigusa majani yake huacha madoa.

Mambo yakienda kombo

*Majani mengi, maua hakuna.* Mwangaza hautoshi. Sogeza karibu na kioo, usubiri miezi miwili. Kama mwangaza upo, punguza samadi, kwa sababu naitrojeni nyingi hulisha majani.

*Shina linarefuka na kuinama kuelekea dirishani.* Ni lile lile. Kata ncha, sogeza.

*Mabaka meupe au ya kahawia upande wa kioo.* Jua limeunguza. Jani haliponi, lakini mmea utapona ukiwekwa nyuma ya pazia.

*Vitumba vya okidi vinakauka na kuanguka.* Umeihamisha, au upepo wa mlango unaipiga, au umeiweka mezani kando ya ndizi zinazoiva. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, nayo hudondosha vitumba. Peleka ndizi jikoni.

*Majani ya njano, udongo umelowa.* Maji mengi. Usimwagilie tena hadi pakauke. Ukisikia harufu ya uozo, toa mmea, kata mizizi laini ya kahawia, uupande upya.

*Vijinzi vidogo vyeusi vinaruka ukitikisa chungu.* Udongo wa juu haukauki. Uache ukauke, vitapungua vyenyewe.

*Vidudu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani.* Pamba na spiriti, kimoja kimoja, urudie kila baada ya siku tano hadi viishe.

*Ncha za pislili zinakauka.* Uliza keateka kama maji ya ploti ni ya boreholi. Boreholi nyingi za Nairobi zina floridi nyingi, na pislili haipatani nayo. Weka ndoo balkonini mvua ikinyesha, uyatumie maji hayo.